Barabara ni ya Wote Waipitao



Somo hili linahusu barabara. Mara nyingi tunapozungumza juu ya barabara tunafikiria magari. Leo tutawafikiria watu wanaokwenda kwa miguu: mtoto anayekwenda shule, mama mwenye mzigo kichwani, mzee mwenye mkongojo, mtu asiyeona, na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Hao ndio wengi. Hata mwenye gari, akishashuka garini, huwa mwenda kwa miguu.

1. Kijiji kilichogeuka mtaa

Tuchukue mfano wa mtaa mmoja ulio pembezoni mwa mji. Zamani mtaa huu ulikuwa kijiji. Palikuwa na minazi, mashamba ya mihogo na njia moja ya vumbi. Gari likipita, watoto walitoka nje kulitazama.

Mji ulikua, ukakifikia kijiji. Barabara ikawekwa lami. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mgonjwa alifika hospitali upesi. Nyanya zilifika sokoni kabla ya kuoza. Lakini pamoja na lami ilikuja kasi. Magari ambayo zamani yalikwenda polepole kwa kukwepa mashimo, sasa yalipita kama mshale.

Asubuhi moja mtoto wa darasa la pili aligongwa na basi dogo akienda shule. Hakufa. Mguu wake ulivunjika mara mbili. Alilala hospitali wiki nyingi, akakosa masomo ya muhula mzima. Alipotoka alikuwa anatembea kwa fimbo.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Watu walijaa chini ya mwembe. Mwenyekiti alisema:

"Ndugu zangu, jambo hili limetuumiza wote. Watoto wetu hawajui adabu ya barabara. Kila mzazi amfundishe mwanawe. Kabla ya kuvuka atazame kulia, atazame kushoto, kisha atazame kulia tena."

Watu wengi waliitikia. Ndipo bibi yake yule mtoto akasimama.

"Mwenyekiti, mwanangu, nimekusikia. Maneno yako ni mazuri. Lakini mjukuu wangu alitazama. Siku ile nilikuwa naye, nimemshika mkono. Tulitazama kulia. Tulitazama kushoto. Barabara ilikuwa tupu. Tukaanza kuvuka. Mimi mwendo wangu ni wa pole, magoti yananiuma. Kabla hatujafika katikati, gari likatokea konani. Mtoto aliogopa, akaniachia mkono, akakimbia mbele. Dereva akanikwepa mimi, akampata yeye. Sasa niambie, mwanangu: tulikosa kutazama nini?"

Watu wakanyamaza.

Mzee mmoja asiyeona akaomba nafasi. "Mimi natembea kwa fimbo. Mnaniambia nipite kando ya barabara. Kando kumejaa meza za biashara, pikipiki na mchanga wa kujengea. Kila nikikuta kizuizi nashuka kwenye lami. Kutoka kwangu mpaka msikitini nashuka mara nane. Nimehesabu."

Mama mmoja muuza maandazi akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mzee. Meza moja ni yangu. Nisamehe. Lakini hapo ndipo ninapopata daftari na sare za watoto."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu. "Sikuambii uache biashara. Nakuomba uniachie mahali pa kupita."

Mwenyekiti alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nimesema nusu tu ya jambo. Tumewafundisha watu kuiogopa barabara. Hatujaiangalia barabara yenyewe. Kesho asubuhi, saa moja, tutaitembea wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Bibi na mzee watatangulia mbele. Mwendo wao ndio utakuwa mwendo wetu. Mwalimu atachukua daftari na kuandika."

2. Hesabu ya kasi

Kabla hatujaona waliyoandika, tufanye hesabu. Hesabu hii itatuonyesha kwa nini kutazama peke yake hakutoshi.

Gari halisimami papo hapo. Kwanza dereva huona. Kisha hufikiri. Kisha hukanyaga breki. Yote hayo huchukua kadiri ya sekunde moja, na wakati huo gari linaendelea na safari. Baada ya breki kukanyagwa, gari bado husogea mpaka lisimame. Tuseme lami ni kavu na breki ni nzima. Hesabu huwa kama hivi:

Kasi ya kilomita 30 kwa saa: mita 8 za kufikiri, na mita 5 za breki. Jumla mita 13.

Kasi ya kilomita 50 kwa saa: mita 14 za kufikiri, na mita 14 za breki. Jumla mita 28.

Kasi ya kilomita 80 kwa saa: mita 22 za kufikiri, na mita 36 za breki. Jumla mita 58.

Sasa tuseme mtoto ametokea ghafula mita 20 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30 atasimama kabla hajamfikia, na zitabaki mita 7. Dereva wa kilomita 50 atakuwa ameanza tu kushika breki. Atamgonga mtoto akiwa bado na kasi kubwa ya kuweza kumuua. Dereva wa kilomita 80 atamgonga kabla mguu wake haujagusa breki. Mvua ikinyesha, mambo huwa mabaya zaidi.

Madereva watatu hawa wote wana macho. Wote wamemwona mtoto. Wametofautiana kwa kasi tu.

Ndiyo sababu wataalamu wa usalama barabarani hushauri kwamba mahali wanapopita watoto na watu wengi kwa miguu, magari yasizidi kilomita 30 kwa saa. Katika Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Lakini sheria iliyo kwenye karatasi haishiki breki. Barabara iliyonyooka na pana humwambia dereva "nenda". Barabara yenye matuta, alama na kivuko kinachoonekana humwambia "punguza". Dereva husikia zaidi lugha ya barabara.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu kadiri ya milioni 1 na laki 2 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali hizo zilikuwa zinaua kuliko ugonjwa wowote.

3. Mambo waliyoyaona

Asubuhi ile watu wa mtaa walitembea. Waliokuwa wamezoea kwenda haraka waliona shida kufuata mwendo wa bibi. Lakini kwa mwendo ule waliona mambo ambayo hawakuwahi kuyaona. Mwalimu aliandika matatizo matano.

Tatizo la kwanza: hapakuwa na njia ya miguu. Pembeni mwa lami palikuwa na mtaro wa wazi. Mtu alikuwa na mahali pawili tu pa kupita: ndani ya mtaro au juu ya lami. Njia nzuri ya miguu huwa imeinuka au imetengwa na magari. Upana wake usipungue mita moja na nusu, ili mtu na mwenzake mwenye kiti cha magurudumu waweze kupishana.

Tatizo la pili: vizuizi. Walihesabu meza, matofali, pikipiki za bodaboda, na nguzo moja iliyosimama katikati ya njia. Anayeona huzunguka. Asiyeona hugonga.

Tatizo la tatu: mtaro usio na daraja. Kutoka shuleni hadi dukani watu walivuka mtaro kwa ubao mmoja uliooza. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kupita hapo. Mama mjamzito hupita kwa hofu. Panatakiwa kalavati au mfuniko wa zege. Na mahali njia ya miguu inaposhuka barabarani, pasiwe na ngazi wala ukingo mkali. Pawe na mteremko wa pole. Kipimo kizuri ni hiki: ukipanda sentimita 1, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12.

Tatizo la nne: kivuko kilikuwa mahali pabaya. Rangi nyeupe ya kivuko cha punda milia ilikuwa imefutika. Tena kilikuwa karibu na kona, dereva hakioni mpaka amekikaribia. Watu walikuwa wamekiacha, wanavuka mbele ya lango la shule, kwa sababu ndiko wanakokwenda. Watu hawavuki mahali alipopenda mchoraji. Huvuka mahali penye njia yao ya kila siku. Kivuko kizuri huwekwa hapo, mahali panapoonekana kutoka mbali.

Tatizo la tano: lango la shule. Lilifunguka moja kwa moja barabarani. Kengele ikilia, watoto mia kadhaa hutoka kwa mbio kama maji yaliyofunguliwa bomba. Nyuma ya shule kulikuwa na uchochoro mtulivu, lakini huko hakukuwa na lango.

Mwalimu alipofunga daftari, mwenyekiti alisema, "Nimeishi hapa miaka arobaini. Leo ndiyo nimeiona barabara hii."

4. Je, inawezekana?

Wako watakaosema, "Hayo ni mambo ya nchi tajiri." Tutazame jambo lililofanyika Dar es Salaam.

Shirika liitwalo Amend, kwa kushirikiana na wenye mamlaka na shule, lilichunguza barabara zilizo karibu na shule za msingi. Waliuliza watoto wanapita wapi na wanaumia wapi. Kisha wakatengeneza. Hawakujenga madaraja makubwa ya juu. Walitengeneza njia za miguu, wakaweka matuta na vivuko, wakasimamisha alama na nguzo fupi za kuzuia magari yasipande njia ya miguu. Mahali pengine walihamisha lango la shule likaelekea upande ulio salama. Watoto nao walifundishwa namna ya kuvuka.

Watafiti walilinganisha shule 9 zilizotengenezewa njia na shule nyingine 9 ambazo zilikuwa bado. Waliona kwamba katika shule zilizotengenezewa, watoto wanaoumizwa na magari walipungua kwa kadiri ya robo. Maana yake, kama zamani waliumia watoto wanne, sasa huumia watatu. Yule wa nne anarudi nyumbani mzima. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, ukiwa umeshindana na mipango ya miji mingi ya dunia.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, vitu vya bei ndogo vinaweza kuokoa maisha. Pili, mafunzo na matengenezo huenda pamoja. Kumfundisha mtoto kuvuka mahali pasipovukika ni kama kumfundisha kuogelea katika mto wenye mamba.

5. Kazi ya kwetu na kazi ya wataalamu

Watu wa mtaa ule walirudi chini ya mwembe. Waligawa kazi katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni kazi zao wenyewe. Wenye meza walikubali kurudi nyuma hatua tatu. Muuza maandazi alikuwa wa kwanza. Alihofia kupoteza wateja. Baadaye aliona watu wanasimama bila hofu ya kugongwa, na biashara haikupungua. Waendesha bodaboda walipewa kituo chao. Vijana walikata majani yaliyoficha kona. Mafundi walifunika mtaro mbele ya shule kwa mfuniko wa zege wenye mteremko. Kamati ya shule ilifungua lango la nyuma. Wazazi wawili wawili walipokezana zamu ya kuwavusha watoto asubuhi na mchana.

Kijana mmoja alisema, "Tujenge na tuta usiku huu, tumalize kazi." Mwenyekiti akamkataza. Alifanya vema. Tuta lililojengwa ovyo, bila alama wala rangi, humwangusha mwendesha pikipiki usiku na huweza kuua. Tuta lina vipimo vyake. Hiyo ni kazi ya wataalamu.

Fungu la pili, basi, ni kazi za kuomba: matuta, kivuko kipya, alama za shule, na njia ya miguu. Katika Tanzania, barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, mitaa na vijiji husimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Kabla ya kuandika barua, uliza kwanza barabara yenu iko chini ya nani. Barua ikienda pasipohusika hupotea bure.

Kumbukeni pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa hiyo mzee asiyeona na mtu mwenye kiti cha magurudumu hawaombi hisani wanapotaka njia ya kupita. Wanadai haki yao.

Barua ya mtaa ule ilikuwa hivi. Isome kwa sauti:

Serikali ya Mtaa wa ............
Tarehe ............

Kwa Meneja,
TARURA, Wilaya ya ............

Ndugu,

YAH: OMBI LA MATUTA NA KIVUKO MBELE YA SHULE

Sisi wakazi wa mtaa huu tumekutana tarehe ............ na kuitembea barabara yetu. Tumeona kwamba watoto wengi huvuka mbele ya lango la shule, wala hapana kivuko wala alama. Mtoto mmoja amegongwa na kuvunjika mguu.

Sisi wenyewe tumekwisha kuondoa meza kando ya barabara, kukata majani konani, na kufunika mtaro.

Tunaomba: (1) matuta pande zote mbili za shule, (2) kivuko kipya mahali watoto wanapovuka, (3) alama za shule, (4) njia ya miguu kutoka shuleni hadi kituo cha basi, itakayofaa pia kwa watu wenye ulemavu.

Tunaomba mtaalamu afike aone. Tuko tayari kumwonyesha.

Wenu,
Mwenyekiti wa Mtaa
Nakala: Diwani wa Kata, Mtendaji wa Kata, Mwalimu Mkuu, Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani

Tazama barua hii ilivyo nzuri. Ni fupi. Inasema mahali. Inasema waliyoyafanya kabla ya kusema wanayoyaomba. Tena ina nakala, ili isilale mezani kwa mtu mmoja.

Hata hivyo majibu hayakuja upesi. Miezi ilipita. Wakaandika barua ya pili, wakataja tarehe ya ile ya kwanza. Diwani akalisema jambo hilo katika kikao. Mwishowe mtaalamu alikuja na kipimo chake. Matuta yakawekwa, kivuko kikachorwa mahali pa haki, alama zikasimama. Njia ya miguu waliambiwa wasubiri fedha za mwaka mwingine. Bado wanaidai, na kila mkutano inaandikwa katika ajenda.

Yule mtoto amerudi shule. Anatembea kwa fimbo mpaka leo, kwani matuta hayarudishi mguu. Asubuhi huvuka na bibi yake. Mwendo wao ni wa pole, wote wawili. Magari husimama yakawangoja.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia, ili uyaone magari yanayokuja mbele yako.
2. Usivuke konani, wala mbele ya basi lililosimama. Dereva wa nyuma hakuoni.
3. Usiku vaa nguo nyeupe au beba taa.
4. Kabla ya kumvusha mtu asiyeona, muulize kwanza. Akikubali, mpe mkono wako ashike. Usimvute.
5. Ikitokea ajali piga simu ya polisi 112. Usimnyanyue majeruhi ovyo. Mlinde asigongwe tena.
6. Dereva, penye kivuko simama. Kuchelewa dakika moja si hasara.

MASWALI

1. Kwa nini bibi hakukubali maneno ya kwanza ya mwenyekiti? Wewe unaonaje?
2. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa. Mtoto ametokea mita 30 mbele. Je, litasimama kabla ya kumfikia? Zitabaki mita ngapi?
3. Gari hilohilo lingekwenda kilomita 80 kwa saa, ingekuwaje?
4. Mteremko wa kupanda sentimita 10 unatakiwa uwe na urefu gani?
5. Kwa nini si vema wananchi kujijengea tuta bila mtaalamu?

KAZI YA KIKUNDI

Pamoja na mwalimu wenu, itembeeni barabara moja ya kijiji au mtaa wenu. Anayetembea polepole kuliko wote atangulie. Andikeni mahali pa hatari. Gaweni kazi katika mafungu mawili: mnazoziweza wenyewe, na za kuomba. Kisha andikeni barua, muisome mbele ya darasa, na kuipeleka katika mkutano wa kijiji au mtaa.